Divai ya Meza ya Bwana

Mlango wa stoo ya kanisa ulikuwa umefungwa kwa nje. Mwinjilisti aliugonga mpaka ngumi zikamuuma. Upande wa pili wa ukuta, kwaya ikapandisha sauti.

Mfukoni alikuwa na karatasi ya kusoma mbele ya jeneza la bibi yake. Humo alikiri kwamba yeye, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyekunywa divai ya meza ya Bwana iliyotunzwa nyumbani kwao. Bibi akasema ameinywa yeye mwenyewe. Wazee wa kanisa wakamvua uongozi wa akina mama, wakamtenga. Miaka saba mama wa watu alikaa benchi la nyuma, akitazama wenzake wakienda kushiriki. Hata aliporudishwa kundini, jina la Bibi Divai lilimganda.

Na Jumapili ijayo mnywaji mwenyewe angewekewa mikono awe mchungaji.

“Bibi, siku ya kukuzika nitasema,” alimwambia hospitalini wiki iliyopita.

Bibi alicheka hadi akakohoa. “Wewe na hiyo dhamira yako! Nimekulea uje kuhudumu, siyo uje kunitetea. Hebu niache nilale.”

Asubuhi hii alimwonyesha shangazi yake karatasi. Shangazi aliisoma mara mbili, akairudisha, akatoka. Muda si muda, mtunza kanisa akamwomba mwinjilisti amsaidie kutoa viti stoo. Kuingia tu, kitasa kikalia.

Sasa mzee wa kanisa alikuwa anazungumza. “Marehemu alikuwa na udhaifu wake, sote tunaujua. Tumwachie Mungu.”

Watu wakaguna. Mwinjilisti akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini spika za kanisani zikamfunika.

“Mjukuu wake ana neno,” shangazi akasema kwenye kipaza sauti, “ila hatumwoni.”

Unafiki ulioje! Hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia shangazi yake saa ile. Jeneza likatolewa. Nyimbo zikafifia kuelekea makaburini, naye amekaa sakafuni kati ya viti vibovu, analia kama mtoto.

Ilipita saa nzima ndipo mlango ukafunguliwa. Mtunza kanisa alikuwa na udongo mbichi kwenye viatu.

“Shangazi amekulipa nini?” mwinjilisti akafoka.

“Shangazi yako? Amekutafuta kila mahali, masikini, usome hiyo karatasi yako.” Mtunza kanisa akainamisha kichwa. “Ni bibi yako. Aliniita hospitalini, akanishikisha Biblia, akaniambia, ‘Mfungie mpaka mmalize kunifukia.’”