Pengo la Mwisho

Siku hizo jamaa walikabidhiwa marehemu wao ndani ya simu, ili wawavushe. Ukigusa kioo, marehemu aliruka. Ukishikilia kidole, aliruka mbali zaidi. Njia yake ilikuwa vibao vilivyoning'inia juu ya giza, na mwishoni palikuwa na mlango. Akiingia humo, haonekani tena. Akianguka, anarudi mwanzo.

Kila alasiri Nyamvula alikaa jikoni akimvusha mumewe, Ndaro. Alimtazama akichechemea vilevile kama alipokuwa hai, akamfikisha karibu kabisa na mlango, kisha kwenye pengo la mwisho akaondoa kidole mapema, makusudi. Ndaro alitumbukia, akarudi mwanzo, akawa wake tena.

"Mama, mpaka leo Baba hajavuka?" aliuliza binti yake, Mejumaa, huku akimenya mihogo. "Mbona jirani walimvusha bibi yao siku moja tu?"

"Mchezo wenyewe mgumu, mwanangu. Na macho yangu ndiyo haya."

Mejumaa alinawa mikono, akaja kusimama nyuma yake. "Hebu nione."

Safari hii, mbele ya mwanawe, Nyamvula alinuia kumvusha kwelikweli. Alimrusha kibao baada ya kibao hadi pengo la mwisho. Hapo Ndaro alisimama, akainua uso. Kidole cha mkewe kilipokaribia kioo, alichutama akajikinga kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mama," Mejumaa alisema polepole, "kwani umekuwa ukimfanya nini?"