Kiatu cha Bi Hidaya

Atupele, mwanafunzi wa fizikia, alikuwa amekataliwa mara mbili kusoma ujasiriamali kwa kuwa hakutoka kitivo cha biashara. Asubuhi ile msajili alibandika tangazo jipya: kozi hiyo sasa ni ya vitivo vyote. Atupele aliingia ofisini mbio.

"Wazo lako la biashara ni lipi, mwanangu?" aliuliza Bi Hidaya, karani wa usajili.

"Viatu, mama. Baba yangu ana mguu mmoja mfupi. Nataka nimshonee viatu ambavyo kisigino kimoja kimezidi kingine, atembee bila kuchechemea."

Bi Hidaya aligonga muhuri kwenye fomu. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavua kiatu cha kushoto kilichojazwa vitambaa kisiginoni, akaweka karatasi nyeupe sakafuni na kuikanyaga.

"Haya, chora unyayo wangu," alisema kwa aibu.

Atupele akapiga magoti, kalamu mkononi.