Chui na Miiba ya Mtoto wa Nungunungu

Palikuwa na Chui, bingwa wa vinasaba, na Nungunungu, mzazi mpya asiyepata usingizi. Kila asubuhi Chui alimjia na sindano.

"Tone moja tu la damu ya mtoto, mama. Nitaiondoa miiba kwenye ukoo wenu, wajukuu wazaliwe laini."

"Juzi nimekataa, jana nimekataa, leo tena? Kwani mwanangu anaumwa nini?"

"Ana kasoro. Nani atambeba huyo?"

"Mimi nambeba! Kama kuchoma wenzio ni kasoro, basi anza na wanao, uwaondoe makucha."

Chui akaruka. "Wanangu si wa kujaribiwa!"

"Wako wana baba, wangu hana mama?"

Chui akairudisha sindano mkobani, akaondoka. Nungunungu akamkumbatia mwanawe, akachomwa, akamkumbatia tena.