Kikapu Kitupu

Nilipoamka, gari lilikuwa limeshapita Usinge, na kikapu cha paka wangu kilikuwa wazi, ndani hamna kitu.

Toka tunaondoka Tabora, mume wangu alikuwa akiapa kwamba paka huyo hafiki Kigoma. Hiace yetu tumeigeuza nyumba, ina kitanda na jiko, lakini yeye anasema haina nafasi ya manyoya.

"Umemtupa wapi?" nilimuuliza kutoka kitandani, nyuma yake.

Aliendelea kuendesha, hata kichwa hakugeuza.

Nje ulikuwa msitu mtupu. "Simamisha gari!" nilipiga kelele. "Namfuata kwa miguu!"

Akasimamisha taratibu mno, kama amebeba mayai. Niliteremka, nikazunguka mpaka dirishani kwake ili nimpe vidonge vyake.

Hapo nikaona kikoi alichojitandika mapajani kinapanda na kushuka. Pembeni ulining'inia mkia wa rangi ya chungwa.

"Mama Tunu, punguza sauti," alininong'oneza. "Amelia njia nzima. Ndiyo kwanza amelala."

Nilirudi ndani, nikaufunga mlango kwa vidole viwili.