Baraza la Mlangoni

Mbarawa alibomoa baraza la mawe lililobana mlango ili kiti cha magurudumu cha mama yake kipite. Kiti kilipita. Lakini majirani waliozoea kuketi hapo kila alasiri hawakusimama tena, na mama akabaki dirishani akiuliza kama mtaa umehama.

Siku ya tisa Mbarawa alikanda chokaa.

"Lakini hukukusudia," fundi Shomari alimwambia.

"Sikukusudia, ila madhara nimeyaleta mimi. Nipe jiwe."

"Na kiti kitapitaje?"

"Nitambeba."

Chokaa ilikuwa bado mbichi Bi Mwanaidi, jirani wa nyumba ya pili, alipokuja na birika la kahawa, akasimama pembeni akingoja ikauke. Ndani, mama aliomba apewe buibui lake.