Mgomba wa Jirani

Jembe la Kabibi lilikuwa limeshazama kwenye shina la mgomba pale jirani yake aliposema kwa sauti ya chini, "Mama, apa chini njo tulizika kitovu ya mutoto, kama kule kwetu."

Kabibi hakuthubutu kumtazama. Utomvu ulikuwa umemrukia mkononi na kitengeni, na alijua madoa yake hayatoki hata kwa sabuni.

Ni yeye aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa, hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, akaidai sheria hii. Pampu inakauka, alisema, basi uani tupande miti ya Malawi tu, ile inayovumilia jua, na kila mmea unaokunywa maji mengi ung'olewe. Walimpigia makofi, kisha wakamkabidhi jembe.

"Ni sheria ya bote, mama," alisema sasa. "Nitakuletea muche wa msangu, ule muti wa hapa Malawi."

"Najua."

Jirani alipiga magoti. Akachimba kwa vidole kuzunguka chipukizi dogo la mgomba, taratibu, mpaka likatoka na udongo wake wote. Akalifunga kwenye kitenge alichozoea kumbebea mtoto.

Kabibi alishusha pumzi. Angalau mwenzake hakulia.

Ndipo jirani akampakatisha kile kifurushi.

"Basi uipande kwako, nyuma ya bafu," alisema, "pembeni ya ule mugomba wa mutoto wako. Pale maji haikosi."