Vichupa vya Kioo

Ustadh Mujahid alikunja mkono wa kanzu. Juzi alikubali mimi, muuguzi, nimchome wa kwanza sindano ya kupima kifua kikuu, ili wanafunzi wake wa madrasa wasiogope. Ngozi ilikuwa laini, kama sijaigusa.

Lakini Ustadh anaumwa. Makohozi yake yalishathibitisha. Mkono ulipaswa kuvimba.

Nikakumbuka vichupa vya kioo. Nilizimua dawa ya kipimo mapema, nikaigawa humo ili foleni isichelewe. Ikalala, ikagandia kioo, yakabaki maji. Ndiyo niliyowachoma watoto wote, na leo nimewaambia mama zao hawana ugonjwa.

"Alhamdulillahi!" Ustadh aliwaambia kina mama wa mtaa wa Junda waliojaa mlangoni. "Hata mimi nimepona!"

Vigelegele vikalipuka. Mama mmoja akanikumbatia, akakataa kuniachia.